Watu Wanaopanda Mlima Bure

Kule Shari, mtaa wa mji wa Bunia, ubavuni mwa kibanda cha secrétariat public wanapochapa barua na kujaza fomu za watu, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali. Wenyeji wake wanauita Sénat, kwa sababu wanaobishana wamesimama ndio wabunge, na hawa hubishana wameketi, kama maseneta. Mama Emérance, mtu wa Butembo, ndiye anayewamiminia kahawa, na ndiye pekee anayeweza kuwanyamazisha. Asubuhi hiyo Lambert aliwahi kuliko wote, koti lake la harusi mwilini, roho juu juu. Binti yake Arielle amemwalika kumtembelea kwenye kamji kadogo ka bandari, kaskazini kabisa mwa Norvège. Hawajaonana tangu walipokimbia vita Djugu miaka saba iliyopita, baba akaelekea Bunia, binti akavuka ziwa kwenda Uganda na shangazi yake, na kutoka huko akafika Ulaya. Ndani ya kibanda Rebecca, mwandishi wa hapo, alikuwa akimjazia fomu ya visa, na fomu ilitakiwa kuondoka siku hiyo hiyo.

Lambert akatoa simu, akawaonyesha picha. Maji yametulia, mashua zimefungwa, nyumba nyekundu chache, na milima imesimama karibu kabisa na mapaa.

— Sasa port iko wapi? akauliza Carat. Jina lake ni Laurent, ila amechimba dhahabu kwenye machimbo ya Kilo miaka kumi na miwili, na tangu hapo hakuna asilolipima.

— Njo hii.

— Hii? Hata Kasenyi yetu ya ziwani inaipita makelele! Bamama ya samaki bako wapi?

— Arielle anasema asubuhi bote banaenda kazi.

— Muji muzima? Na nani anabaki kubishana?

Swali likamgusa kila mtu. Fiacre akakohoa kidogo, kama kawaida yake akitaka kusikilizwa. Yeye wanamwita Météo, kwa kuwa aliwahi kutabiri mvua ikanyesha, mara moja tu, na hajawahi kuisahau.

— Ile haiko kitu. Huko mwezi wa sita jua hailale. Inazunguka tu, inazunguka.

— Uongo! akasema Carat.

— Ni kweli, akasema Lambert. Arielle aliniambia.

— Munasikia? akasema Météo. Sasa minauliza siye bote: kuku yao inalala saa ngapi?

— Pengine habana kuku, akasema Lambert.

— Mutu bila kuku anaamuka namna gani? Njo maana banakimbilia kazi bote pamoja! Hakuna mwenye kujua kama kesho imefika, kila mutu anafwata mwenzake!

— Na veillée ya maombi ya usiku? akauliza Mama Emérance, thermos mkononi. Pasta anafungua saa ngapi kama giza haikuje?

Hapo Météo akaomba aongezewe kahawa.

Lambert akasogeza picha ya pili, ile anayoitazama kila siku kabla ya kulala. Arielle yuko kwenye mteremko na wenzake watatu, begi mgongoni, buti zimejaa tope, fimbo mkononi, taa kwenye kipaji cha uso. Anacheka.

— Kila dimanche, siku ya kupumuzika, banapanda mulima, akaeleza.

— Kwenda wapi?

— Juu.

— Kufanya nini juu?

— Kuangalia. Kisha banashuka.

Wakatazamana. Carat akaivuta simu karibu na jicho, akaigeuza huku na huku kama anayekagua punje ya dhahabu.

— Papa Lambert, usikasirike. Angalia taa ya kichwa. Angalia buti. Ile fimbo ni ya kupima udongo. Mutoto yako anachimba dahabu.

— Arielle anatunza bazee!

— Lundi mpaka samedi, siku ya kazi, ndiyo. Kilo tulikuwa na mwalimu, asubuhi iko mu darasa, mangaribi iko mu shimo. Hakuna mutu anapanda mulima na taa juu ya bule!

— Sasa nimeelewa! Météo akaruka. Jua hailale juu bachimbe dimanche muzima!

— Kama jua hailale, taa ni ya nini? akasema Mama Emérance. Munyamaze kwanza. Papa, nyuma ya ile mulima kuko nini?

— Pori. Unaweza tembea siku tatu bila kukuta mutu. Kuko nyama ya pori mukubwa kama ngombe, inapita mbele ya mulango, banaiangalia tu.

— Na mu pori ndani, hakuna batu ya bunduki?

— Nilimuuliza. Alicheka, kisha akasema hapana, papa, hakuna.

Lambert akairudisha simu mfukoni. Alikuwa na wivu, na hakuona haya kuwa nao. Kule watu wanapanda mlima na kushuka bila sababu, na yeye hajakanyaga kilima chake mwenyewe miaka saba. Alitaka kupanda na mwanawe Jumapili moja tu, bila kugeuka nyuma kwa hofu.

— Hata kama ni dahabu, nitapanda nao, akasema.

Rebecca akatoka kibandani na karatasi mkononi.

— Papa Lambert, inabaki mustari moja. Batu ya visa banauliza kazi gani inakungojea huku, yenye itakurudisha.

— Andika président wa Sénat! akadakia Météo.

— Andika kawa yangu, akasema Mama Emérance, akiinua thermos.

Wakacheka. Lambert hakucheka.

— Andika shamba. Iko Djugu. Jirani yangu bote bamekufa ao bamekimbia, ni mimi tu ninajua mupaka inapita kwa miti gani. Siku njia itafunguka, kama siko pale, nani ataonyesha? Nitarudi, mama Rebecca. Nitarudi kulima.

Rebecca akaandika yote, polepole, neno kwa neno. Kisha akainua uso.

— Ni muzuri sana, Papa. Sasa banataka tarehe. Utaanza kulima siku gani?

Météo akatazama barabara ya kwenda Djugu, isiyopitika bado. Mama Emérance akainamisha thermos juu ya kikombe cha Lambert, yakatoka matone mawili.

— Sema tu, Papa, akasema Rebecca, kalamu juu ya karatasi. Minangoja.