Fundi Futi na Waya wa Vifungo vya Koti

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya mpendwa wetu, mume, baba na babu, mshonaji mliyemwita Fundi Futi kwa sababu ya futi kamba iliyoshinda shingoni mwake, na mtuwie radhi mtakaposikia jambo lisiloeleweka vizuri, kwani sisi tumeishi nalo miaka yote na bado hatujalielewa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kitinda mimba wa mshona viatu na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1959 na kuhitimu mwaka 1966, na huko ndiko mwalimu wa sayansi alipoichukua redio iliyokuwa kimya, akaichomekea waya mrefu uliopita dirishani, ikasema, na mtoto yule tangu siku ile hakupona.

Mwaka 1968 alijifunza cherehani kwa mjomba wake, akafungua chumba chake nyuma ya soko tarehe 2 Mei 1974, akashona sare, suti na magauni mpaka macho yalipomgomea. Mwaka 1983 alifaulu mtihani akapewa leseni ya redio ya ridhaa, ya kuzungumza na watu wa mbali bila malipo yoyote, na antena zake alizitengeneza kama alivyoshona, waya wa shaba wenye mikono miwili iliyolingana, katikati na kila mwisho kifungo kikubwa cha koti ili umeme usivuke wala kuvuja, akiukata mrefu makusudi na kuupunguza kidogo kidogo mpaka redio iridhike, maana, alikuwa akisema, kilichokatwa kifupi hakina dawa.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979 na mteja aliyeleta gauni kupunguzwa kiuno, wakajaliwa watoto watatu, na mama huyu mnayemwona hapa mbele alimvumilia akipanda paa uzeeni, akaanika nguo kwenye waya ule akafokewa, akauliza hao watu wa mbali wanasema nini, akajibiwa kwamba wanaulizana wanasikikaje, akauliza halafu, akajibiwa basi, ni hivyo tu, na mpaka asubuhi ya leo anajiuliza mtu mzima anapata raha gani kuwauliza wageni kama anasikika, ilhali yeye akiitwa mezani hasikii.

Aliugua figo tangu Agosti 2021, akalazwa mara kadhaa, na alipolazwa mara ya mwisho alimwomba mkewe jambo moja tu, kwamba rafiki yake fundi saa, ambaye naye ana leseni, aje nyumbani awaambie wenzao kwa waya uleule kuwa ameondoka, wasije wakamwita bure, na mama akaahidi. Alifariki Jumanne tarehe 6 Juni 2023, saa nne asubuhi.

Sasa, ndugu zetu, msiba huchanganya akili. Wakwe na wapwa walipokuja kusimamisha turubai kamba zikapungua, wakamuuliza mama, naye katikati ya machozi akawaonyesha ile ya kuanikia nguo nyuma ya nyumba, kumbe ndiyo antena ya marehemu, wakakata waya unaoshuka redioni, wakavuta, wakafunga. Leo asubuhi fundi saa amefika, akainua macho, akaona vifungo vya koti vikining'inia juu ya viti vyenu, mama akaangalia alikoangalia yeye, akalia upya, hajui kama ameshavunja ahadi, nasi hatukujua tumpe pole au tucheke, kwa kuwa marehemu angecheka.

Fundi saa anasema mikono yote miwili ni mizima, waya ukiunganishwa upya pale katikati utasema. Kwa hiyo tukirudi kutoka makaburini turubai halitashushwa, fundi saa atawaita wenzao kwa waya ukiwa hapohapo juu, tunaomba mtu asitundike koti wala kuegemea nguzo, na mama ameomba akae pembeni ya redio, awasikie mara hii ya kwanza hao watu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mafundi wenzake wa sokoni waliomalizia suti alizoziacha mezani, na majirani walioamini kwa miaka mingi kwamba anawaharibia televisheni na bado wakaleta viti.

Pumzika kwa amani, Fundi Futi, waya wako uko juu, na sote tumekaa chini yake.