Patrobas Nalianya, Aliyebeba Maji ya Nile Kuelekea Baharini

Marehemu Patrobas Nalianya alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 karibu na Kimilili, kifungua mimba wa Mama Rasoa na hayati Mzee Bwire. Alikuwa mzito hata mkunga akapiga mluzi.

Alisoma hadi darasa la nane, mwaka 1986. Hesabu ilimpenda, Kiingereza kilimkataa, kama ilivyo desturi ya ukoo wetu.

Mwaka 1989 alifikia kwa mjomba wake Job, Mukuru kwa Reuben, Nairobi, akafanya vibarua Industrial Area. Job huyo ndiye aliyemfundisha kuendesha lori. Mwenye ubishi anyooshe mkono sasa. Baadaye Patrobas akakabidhiwa malori ya matangi ya mafuta, na hakuwahi kumwaga tone. Ila siku ya posa, alivyomkodolea macho Mourine Nekesa, chai yote iliishia kwenye suruali. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1997, wakahamia mtaa wa Mowlem.

Sasa sikieni ya Februari 2025. Sudan Kusini, jamani, ni nchi iliyokalia mafuta lakini haina pwani. Vita vya jirani wa kaskazini vilipotatiza bomba, ikabidi kutafuta mlango mwingine. Kampuni iliyomwajiri Patrobas ikataka kuthibitisha kwamba tangi zito linaweza kutoka Juba hadi Lamu. Wakachukua tangi jipya lisilowahi kuonja mafuta, wakalijaza maji ya Nile, lita thelathini elfu, wakalifunga kwa lakiri ili lisifunguliwe njiani. Likifika limejaa, Patrobas angekuwa dereva wao wa kwanza wa mafuta hayo. Alimpigia Mourine simu: "Mama Jacklyne, nchi nzima imepanda nyuma yangu!"

Alipopita Garissa, ukame umekaza, mfugaji mmoja mzee, Abdiwali, alisimamisha lori.

"Umebeba nini, dereva?"

"Maji, mzee wangu."

"Unayapeleka wapi?"

"Baharini."

Abdiwali alicheka mpaka akakaa chini. "Wallahi! Kwani huko yamepungua?"

Patrobas akatazama ngamia, mbavu nje. Dereva wa tangi hakati lakiri. Akiikata, kazi hana.

Aliikata.

Alifika Lamu tangi likilia kama debe tupu. Kampuni ikamfuta kazi papo hapo.

Mwezi Juni figo zilianza kumlemea. Mjomba Job alimtania kitandani: "Wewe bwana mkubwa, si ungeandikwa kwenye historia!"

Akajibu polepole: "Mjomba, umewahi kuona ngamia mia mbili wakiinamisha shingo kwa pamoja? Kazi niliisahau. Hata jina langu nililisahau."

Job akavuta kiti karibu, akamwomba asimulie tena toka mwanzo.

Patrobas alituaga tarehe 9 Novemba 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Mourine. Ameacha mjane huyo, watoto wawili, Jacklyne na Bwire, wajukuu watatu, mama yake Rasoa, na mjomba wake Job, ambaye hadi leo anasimulia habari za ngamia wale kana kwamba alikuwepo.

Mungu amlaze panapo amani, na ampokee kwa mikono miwili.