Methodius Kaijage na Faili Laki Sita

Baba Padre, ndugu, majirani wa Agincourt hapa Toronto, nanyi mnaotufuatilia kwa simu kutoka Kanyigo, familia inawaletea maisha ya Methodius Kaijage, nayo imeonya yasifupishwe, maana mwenyewe alichukia orodha iliyoruka jina hata moja.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 Kanyigo, mkoani Kagera, mtoto wa tatu kati ya saba, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1975 hadi 1981, akaendelea na sekondari Bukoba mjini, na mwaka 1993 akapata stashahada ya kompyuta Dar es Salaam, wakati ambapo kijijini kompyuta ilikuwa habari ya kusimuliwa tu. Tarehe 20 Julai 1996 alifunga ndoa na Dorotea, wakajaliwa Jacqueline mwaka 1998 na Samson mwaka 2001, na Oktoba 2003 wote wanne wakahamia Toronto, ambako alianza kwa kupakua mizigo katika ghala la Downsview, kisha toka 2007 hadi anaugua akaandika programu za tovuti kwa lugha ya PHP.

Tarehe 9 Februari 2005 mama mzazi wa Dorotea alifariki Kanyigo, na Dorotea hakwenda kuzika, kwa sababu makaratasi ya ukaazi yalikuwa hayajatoka na angeondoka asingeweza kurudi kwa watoto, naye kwa miaka kumi na tatu akaishi na uchungu kwamba mama aliondoka amemkasirikia, tena wapo waliomwambia hivyo kwa simu bila haya. Mwaka 2018 katekista wa kule alieleza kwamba siku nne kabla ya kifo alimrekodi bibi huyo akizungumza, na rekodi ikatumwa Toronto pamoja na nyingine za parokia, ikahifadhiwa katika seva, ile kompyuta ya kutunzia kumbukumbu za jumuiya yetu.

Basi hapo ndipo mtu angemjua Methodius. Seva ile ilikuwa na faili zaidi ya laki sita, folda ndani ya folda, nyingi hazina jina la maana, na programu ya zamani ya kuziorodhesha ilitaka kukusanya majina yote kwanza ndipo itoe la kwanza, kama mtu anayejaza mdomoni sufuria nzima ya ndizi kabla hajatafuna, kwa hiyo kumbukumbu ya seva ilijaa na kazi ikakwama. Methodius akaiandika upya, ifungue folda moja, isome jina, iliandike, iliachilie, ichukue linalofuata, na ikikuta folda nyingine iipange foleni ingoje zamu yake. Ikaenda vizuri, halafu ikaanza kuzunguka pale pale, kumbe katibu wetu Mwangi, kwa ukarimu wake, alikuwa ameweka ndani ya kila folda njia ya mkato ya kurudi folda kuu, ili mgeni asipotee. Mwangi yupo hapa, ameshasamehewa, ila asirudie. Programu ikakatazwa kufuata njia za mkato, na Jumapili tarehe 4 Novemba 2018 orodha nzima ikatoka kwa dakika kumi na moja, ikiwa na faili moja tu ya tarehe 5 Februari 2005, ndani ya folda iliyoandikwa Panga Baadaye.

Dorotea aliisikiliza jikoni, amesimama, na bibi alisema waziwazi kwamba Dorotea asije, abaki amalize makaratasi yake na alee watoto, yeye amemruhusu, na anayetaka kulaumu amlaumu yeye. Dorotea alilia siku mbili, siku ya tatu akarudi kuimba kwenye kwaya.

Septemba 2024 Methodius aligundulika na saratani ya kongosho, na alfajiri ya Alhamisi tarehe 6 Februari 2025 akafariki mkewe amemshika mkono. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, na majirani waliozoa theluji mlangoni na kuleta chakula bila kuulizwa.

Kaka zake wawili na dada yake wamenyimwa viza, na marehemu alijua itakuwa hivyo, kwa hiyo alimwandikisha Jacqueline, yule yule ambaye siku zote hujibu kwa Kiingereza, neno hili kwa Kiswahili, kwamba ninyi mlioko Kanyigo asiwalaumu mtu, wala msijilaumu wenyewe, yeye amewaruhusu msije. Methodius, ndugu zako wamesikia, pumzika sasa kwa amani.