Dada Saa, Mhudumu wa Ndege Aliyetaka Kazi Ihesabiwe Tangu Mtu Anaporipoti

Ndugu zetu, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu na nyote mlioacha shughuli zenu asubuhi ya leo, mimi ni mdogo wake wa mwisho, fundi wa majokofu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, si kwa sababu najua kusoma kuliko wengine, bali kwa sababu wenzangu wote wamesema hawataufikia ukurasa wa pili bila kulia, nami nimewaahidi kwamba nitajaribu.

Dada yetu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1963, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ofisi ya posta, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto watano, baba yetu akiwa karani wa kupanga barua na mama yetu fundi cherehani aliyeshonea sare za shule nusu ya mtaa. Mama alikuwa na kazi nyingi, kwa hiyo malezi yetu sisi wadogo yalimwangukia Dada mapema, na mimi nilibebwa mgongoni mwake mpaka nikawa mzito kupita kiasi, akanishusha siku moja mbele ya duka la mkate na kuniambia, "Kuanzia leo una miguu."

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha shule ya sekondari ya wasichana iliyokuwa jirani na stesheni ya reli kuanzia 1977 hadi 1980, ambako alifaulu vizuri masomo yote isipokuwa hesabu, jambo lililomchekesha hadi uzeeni, kwa kuwa watu walikuja kumjua kwa kuhesabu. Mwaka 1981 alijiunga na chuo cha uhazili, akajifunza kupiga chapa na kuandika hati mkato, akamaliza mwaka uliofuata, akaajiriwa kwa muda katika ofisi ya muuza vigae, kazi ambayo alisema ilimfundisha jambo moja tu, kwamba hakuumbwa kwa ajili ya kukaa.

Siku ya Jumatatu, tarehe 3 Septemba 1984, aliajiriwa na shirika la ndege kama mhudumu, akapata mafunzo ya wiki sita ya kuzima moto, kuwatoa abiria ndani ya moshi, kumzalisha mama mjamzito na kutabasamu huku viatu vinabana, akapangiwa safari yake ya kwanza tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo. Mama alimshonea upya sketi ya sare kwa sababu ile ya shirika ilimpwaya, naye alirudi jioni yake akiwa amevimba miguu, akalala chali sakafuni na kutuambia kwamba mawingu kwa juu yanafanana na pamba iliyochambuliwa vibaya.

Alikutana na shemeji yetu hapohapo kwenye uwanja wa ndege, yeye akiwa mpakia mizigo, wakafunga ndoa Jumamosi ya tarehe 19 Novemba 1988, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1990, ambaye leo ni muuguzi, na mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 11 Januari 1994, ambaye ni fundi wa kuchomelea, na kupitia hao alipata wajukuu watatu. Shemeji ni mtu wa maneno machache na Dada alikuwa na ya kuwatosha wote wawili, hivyo nyumba yao haikupungukiwa chochote.

Ni katika ndoa hiyo ndipo Dada alipogundua jambo lililobadilisha maisha yake, kwani siku moja mwaka 1991 ndege yao ilikaa uwanjani muda wa saa saba ikisubiri kipuri, mlango wazi, abiria wakiwa wameshakaa ndani, wahudumu wakigawa maji, wakibembeleza watoto na kupokea matusi, na mwisho wa mwezi aliweka karatasi yake ya saa za kazi kando ya ile ya mumewe mezani. Ya shemeji ilihesabu tangu alipoingia getini, hata muda aliokaa juu ya toroli akisubiri, lakini ya kwake ilihesabu tangu mlango wa ndege ulipofungwa, na kwa kuwa safari ile ilikuja kufutwa, siku nzima ilikuwa sifuri. Alikwenda kumuuliza mkuu wa zamu zile saa saba ziliandikwa wapi, akajibiwa, "Ndege haikuruka," naye akasema, "Ni kweli, lakini mimi nilisimama." Alirudia swali hilo kwa kila mkubwa aliyekutana naye kwenye korido, hadi wenzake wakambandika jina la Dada Saa, jina ambalo mwanzoni lilikuwa la kumtania na baadaye likawa la heshima, na ndilo alilotuomba tumwite hata leo.

Mwaka 1996 wahudumu walimchagua kuwa mwakilishi wao katika chama cha wafanyakazi, na mwaka 1999 akawa katibu wa tawi na kuongoza majadiliano yake ya kwanza ya mkataba. Hapa naomba mniwie radhi niseme jambo ambalo wasomaji wengi wa historia kama hii hulipitia mbali, kwa sababu yeye mwenyewe aliniagiza nisilifiche. Katika majadiliano yale shirika lilikubali kuhesabu saa za mlango wazi kwa wahudumu waliotimiza miaka kumi kazini peke yao, naye akiwa amechoka, na akiwa tayari ana miaka kumi na mitano, alitia saini. Vijana waliona wameuzwa. Msichana aliyefundishwa kazi na Dada mwenyewe, ambaye wote mnamfahamu kwa jina la Kamusi kwa jinsi anavyozijua kanuni, alimwambia mbele ya watu katika chumba cha kubadilishia nguo, "Dada, umepanda ngazi halafu umeivuta," akaacha kumsalimia kwa karibu miaka miwili, wakifanya kazi ndege moja, wakisukuma toroli moja, huyu ameshika huku na yule kule.

Dada alibeba maneno hayo kama jiwe kiatuni. Mwezi wa Juni 2001 alipanda ghorofa nne hadi nyumbani kwa Kamusi, akakaa kwenye kochi bila kukaribishwa, akasema, "Nilikosea, na sina sababu ya kukupa," na Kamusi ameniruhusu niseme kwamba alimwacha akae hapo muda mrefu kabla ya kuinuka kwenda kuchemsha chai. Tangu siku hiyo walikuwa kama pete na kidole, na mkataba ule ulipokaribia kuisha Dada alikataa kuongoza majadiliano mapya mpaka Kamusi akubali kuwa msaidizi wake.

Majadiliano hayo yalianza Jumatatu ya tarehe 3 Februari 2003, katika chumba cha mikutano ghorofa ya pili ya jengo la shirika, chumba chenye meza ndefu, kiyoyozi kinachotiririsha maji ndani ya ndoo, na dirisha linalotazama maegesho ya mabasi ya abiria. Upande wa pili alikaa mkuu wa utumishi, bwana mmoja mpole, msafi, asiyepandisha sauti kamwe, ambaye kila hoja aliijibu kwa neno moja, "Tutaangalia," hadi wahudumu wakampa neno hilo kuwa jina. Dada aliyaandika yote kwa hati mkato, na kila kikao kilipoanza alimsomea alichokisema kikao kilichopita, neno kwa neno, pamoja na vikohozi. Wakati huohuo wahudumu wote 214 walitembea na madaftari madogo mfukoni kwa siku tisini, wakiandika dakika waliyoingia ndani ya ndege na dakika mlango ulipofungwa, na Kamusi aliyafunga madaftari hayo kwa kamba na kuyapanga mezani mpaka Bwana Tutaangalia akawa anaonekana kuanzia miwani kwenda juu.

Haikuwa rahisi. Mwezi wa Mei shirika lilitoa nyongeza nzuri ya mshahara kwa sharti kwamba habari ya saa iachwe, na wengi walitaka kuichukua, tena si watu wabaya, ni watu wenye watoto shuleni, na katika mkutano wa wanachama mzee mmoja wa kabini alimwambia Dada kwamba ana kiburi. Wiki iliyofuata aliitwa faragha na kupewa nafasi ya kuwa mkufunzi mkuu, ofisi na meza yake mwenyewe, akajibu kwamba amewahi kukaa mezani kwa muuza vigae na hakupenda, kisha akarudi na kuwasimulia wanachama pendekezo lile lote kama lilivyokuwa. Walipiga kura ya kuendelea, na ile tofauti ilikuwa kura tisa tu.

Mwezi wa Julai kikao kiligongana na mahafali ya binti yake ya darasa la saba, na alipomweleza mtoto kwamba hatafika, mpwa wangu huyu, akiwa na miaka kumi na mitatu, alimjibu bila kulia, "Kikao kina watu wengine wa kukaa. Mimi nina mama mmoja." Dada alimkabidhi Kamusi jalada lote, akaenda kwenye mahafali akiwa na gauni la bluu, akapiga vigelegele kuliko wazazi wote, na kikao kikaenda vizuri bila yeye, jambo alilokiri kwamba lilimuuma kidogo na kumpumzisha sana.

Hatimaye mwezi wa Agosti Bwana Tutaangalia alisema kwamba kabla mlango haujafungwa wahudumu wanasalimia watu tu, na Dada akamwambia kwa upole, "Basi njoo tusalimie wote, siku moja tu." Kwa haki niseme kwamba bwana yule hakukwepa. Jumatano ya tarehe 13 Agosti 2003 aliripoti asubuhi pamoja nao, akavalishwa kizibao, akaambiwa asaidie mizigo na asiguse kingine, na siku hiyo, kwa hitilafu ambayo hakuna aliyeipanga, ndege ilikaa chini muda wa saa mbili na dakika arobaini huku hewa ya ubaridi imezimwa. Aliinua masanduku hadi shati likashika mgongo, alimshikia mama mmoja pacha wake mmoja akatapikiwa begani, na abiria wa kiti cha dirishani akamuuliza kama amekuja kazini au kutalii. Kisha bwana mmoja mtu mzima alizimia njiani kati ya viti, Dada akapiga magoti, akamlegeza tai, akaita daktari miongoni mwa abiria, na kumwamuru mkuu wa utumishi, "Shika miguu yake, inua, usiachie," naye akaishika bila kuachia hadi mzee alipofumbua macho na kuuliza kama wamefika. Mlango ulipofungwa, wakiwa wamelowa jasho wote wawili, Dada alimwonyesha saa ya mkononi na kusema, "Sasa ndiyo tunaanza kazi."

Ijumaa iliyofuata Bwana Tutaangalia aliingia kikaoni, akakaa, akafuta miwani, na kabla Dada hajafungua daftari akasema, "Tumeangalia."

Mkataba ulitiwa saini tarehe 5 Septemba 2003, saa tisa alasiri, na kifungu chake cha kumi na saba kilisema kwamba kazi ya mhudumu, mkongwe au mgeni, inaanza pale anaporipoti. Wanachama 198 waliukubali, 11 waliukataa, na watano walikuwa angani. Ili kukipata kifungu hicho chama kiliachia tiketi za bure za jamaa wa wafanyakazi, na naomba ieleweke kwamba mimi nilikuwa nimeshanunua begi la safari, lakini nilimsamehe, ingawa si mwaka ule.

Aliongoza mikataba mingine mitatu, akastaafu tarehe 31 Machi 2018, na tangu hapo sebule yake ikawa darasa kila Jumamosi asubuhi, wakija wahudumu wa mahoteli, wauguzi na wafua nguo kujifunza kuusoma mkataba kuanzia ukurasa wa mwisho, ambako alisema ndiko mambo hufichwa.

Mwezi wa Juni 2021 alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi, vipimo vikaonyesha kwamba moyo wake umetanuka, akatibiwa kwa miaka mitatu, akilazwa mara nne. Bwana Tutaangalia, ambaye naye amestaafu, alikuja kumwona kila alipolazwa, na nesi aliwahi kuwakemea kwa kucheka wodini. Wiki yake ya mwisho Kamusi, ambaye sasa ndiye katibu, alimletea rasimu ya mkataba mpya, wenye likizo kamili ya kuuguza mzazi, Dada akaomba asomewe mara mbili, akasahihisha neno moja, akasema, "Huu ni mzuri kuliko wangu wote," na nilimwona uso wake, hakuwa anamfariji mtu. Alifariki Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka 61, miezi sita na siku ishirini na nne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, ambao hawakuchoka na maswali yake kuhusu zamu zao, inawashukuru majirani waliompikia shemeji na kumkalisha chini ale, inamshukuru Kamusi, na inakushukuru wewe, bwana uliyekaa safu ya tatu, hatutakutaja jina. Wahudumu mliokuja na sare, tunajua kwamba baadhi yenu mnaripoti saa nane mchana, na marehemu aliacha maagizo kwamba mtu yeyote mwenye zamu aondoke kwa wakati bila kuomba radhi na bila kuinama, kwa hiyo mtakaposikia viti vikisogezwa msigeuke kuwatazama, wapisheni njia tu, wana kazi nzuri ya kwenda kufanya.

Dada, sisi wadogo zako tunatembea. Pumzika kwa amani.