Nilivyokuwa Nikila Nyumba kwa Nyumba

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo, marahaba kabla hamjasalimia. Mwenyekiti wa mkutano wetu huu kaniomba nieleze nilivyougua hata binti yangu akakaribia kuacha chuo. Nitaeleza bila kumtaja mtu. Anayejijua asicheke sana.

Mnanijua, mimi si mtu wa kutulia. Nilizaliwa Ushetu kwenye tumbaku, nikamaliza kidato cha nne, nikafuata dhahabu. Likitajwa duara jipya la kuchimba, nabeba kibegi. Huko tulikunywa soda kama maji. Mpaka leo nikisikia nyundo ikigonga mwamba, moyo unataka kuondoka. Lakini hapa Kharumwa nilianguka nikiwa kazini, na hospitali wakasema ni sukari. Kidole kimoja cha mguu kilikuwa kimeshaharibika, kikakatwa.

Mama yake binti yangu alishafariki, kwa hiyo akaja yeye. Alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, anasomea sayansi ya lishe, akaahirisha masomo. Nilimtania: "Chuo kikuu kizima mnafundishwa kusonga ugali?"

"Tunafundishwa ugali ukishamezwa unakwenda wapi, Baba."

Akaanza kunipikia. Ugali wa ukubwa wa ngumi, mlenda tele, dagaa wa Nkome. Ndugu zangu, nawaambia, mtu aliyelelewa Usukumani akiona ugali ule anadhani ni wa mtoto! Daktari alikuwa amenishauri nitembee. Basi nikawa natembea saa ya chakula. Nanyi mnajua, kwetu mpita njia haachwi apite. "Karibu tule!" Hapa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, pale uji wa karanga, kule wali. Ukikataa, umemdharau mpishi. Nami nilijiambia humo hamna sukari, kwani sijaona mtu akitia kijiko.

Kliniki kipimo kikapanda. Binti akapunguza ugali, akasoma vitabu vyake upya. Kikapanda tena. Jioni moja nikamkuta jikoni, vitabu kavifunga kwenye mfuko wa salfeti.

"Sirudi chuo, Baba. Kama nimeshindwa kumlisha baba yangu, nitamfundisha nani? Nitatafuta kazi dukani."

Jioni hiyo na siku iliyofuata sikutoka kutembea. Ndipo jirani mmoja, yumo humu ndani, akaingia na bakuli limefunikwa.

"Baba, mbona hupiti? Tumekuwekea michembe yako."

"Yake?" binti akauliza.

"Anavyoipenda! Akitoka kwangu, anakwenda kwa mwenzangu kumalizia wali."

Nilitamani ardhi ya Kharumwa inimeze pamoja na bakuli. Binti alinitazama, kisha akacheka mpaka akatoa machozi. "Kumbe sikukosea," akasema. "Kumbe sikukosea mimi!"

Hakunigombeza. Alipita nyumba zote nilizokuwa nakula. Hakumkataza mtu kuniita. Aliwaambia, "Mwiteni, lakini akila kwenu, nyumbani hali." Akawaeleza kwamba ugali, wali na michembe vyote vikifika tumboni vinageuka sukari, akawaonyesha kiasi changu kwa ngumi yangu mwenyewe. Tangu hapo nikifika kwa mtu, kabla ya kiti naulizwa, "Umeshakula wapi?"

Kipimo kikaanza kushuka. Hata hivyo siku ya safari ya kurudi chuo binti alisita, begi liko mlangoni. Ni ninyi mliomwambia, "Nenda kasome, huyu tutamchunga sisi." Sasa yuko mwaka wa mwisho.

Asanteni, nyote mliokuwa mkinilisha na sasa mnaninyima. Asante kwa wauguzi wa kliniki, na kwa binti yangu, ambaye nusura nimwachishe chuo kwa tumbo langu. Nililojifunza ni hili: mgonjwa msimwachie mtu mmoja, hata awe msomi wa namna gani. Anachokula mgonjwa, majirani ndio wanaokijua.

Naona sufuria ya wali inaingia. Mimi nimeshakula nyumbani. Naomba maji tu.