Kwa Fundi Nzima, kwa Hanifa Inazima

Pale Uyole, ukishapita maegesho ya malori na kabla hujafika sokoni, kuna benchi la mbao limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la mbolea. Lina misumari miwili iliyochomoza, na wenyewe wanajua ilipo. Mgeni ndiye huchana suruali. Hapo Matano hutua birika lake la kahawa kila asubuhi, na hapo matatizo yote ya nchi hii hupatiwa dawa kabla ya saa sita mchana, kesho yake yakakutwa palepale. Asubuhi hiyo ya Julai baridi ilikuwa kali hata watu walinunua kahawa ili washike kikombe. Matano kando, walikuwepo watatu. Wa kwanza ni Profesa, yaani Sosthenes, aliyelinda geti la kituo cha utafiti wa kilimo miaka ishirini na miwili, akastaafu akiamini kwamba utafiti nao ulimwingia kidogokidogo. Wa pili ni Tunduma, jina lake Fred, utingo mstaafu aliyefika Tunduma mara nyingi na anakutajia Tunduma hata ukimuuliza bei ya nyanya. Wa tatu ni Faraji, mwenye steshenari iliyo milango minne kutoka hapo. Siku nyingine Faraji ndiye huanza kucheka kabla kichekesho hakijaisha. Siku hiyo alishika kikombe kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, ukichezea ufunguo wa kufuli.

— Jana imezima tena? — Profesa aliuliza.

— Mara tano, — Faraji akajibu. — Hanifa anaandika zake, anafika katikati ya sentensi, giza. Inajiwasha yenyewe, inamwambia weka paswedi. Anaweka. Robo saa haijaisha, imemtoa tena nje, paswedi. Kompyuta ya miaka sita inamuuliza yeye ni nani!

— Na yote hii tangu apgredi?

— Tangu wiki ileile. Jumatatu fundi Farhan katuwekea mfumo mpya, Jumatano ikaanza.

Tunduma akapiga paja.

— Si niliwaambia? Mashine ya zamani mnaivalisha mfumo mpya! Hiyo ni sawa na lori la mwaka themanini na tano ulifunge injini ya leo. Tunduma litafika, sikatai. Lakini kupanda Kitonga ile pale Iringa? Linakuachia katikati ya kona. Ndiyo maana wahenga wakasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo methali haihusu injini, — Profesa alisema.

— Inahusu! Mfumo mpya ndiyo mgeni. Haya, mwenyeji kapona?

Matano alicheka peke yake, akapitisha kashata. Faraji hakuchukua. Alikuwa mtu wa kuogopa vitu vidogo tangu utotoni, radi, mbwa, sindano, na mkewe Hanifa alikuwa akimtania kwa hilo. Ila hofu ya wiki hizi tatu haikuwa ya kutaniwa. Ilikuwa inalala naye na kuamka naye.

— Si mfumo, — alisema. — Farhan kaurudisha ule wa zamani, bado inazima. Kabadilisha waya, bado. Kaichukua kwenda kwake Mwanjelwa, imekaa siku tatu imewashwa usiku na mchana, anapigia miziki, haijazima hata mara moja. Kaniletea Alhamisi. Saa tano asubuhi hiyohiyo, ikazima mbele ya macho yake.

— Kwa fundi nzima? — Matano aliuliza.

— Kwa fundi nzima, kwangu inazima. Farhan kanishika bega, kaniambia, kaka Faraji, hii mashine haina ugonjwa, mimi sijui nikwambie nini.

Wote walimjua Farhan. Ni kijana ambaye ukimpelekea hata pasi ya mkaa atakwambia tatizo ni programu. Fundi wa namna hiyo akisema hajui, basi mtu ana haki ya kuanza kusoma dua.

Profesa alivua kofia, akaikunja juu ya goti. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alitoa hoja yenye miguu.

— Nisikilizeni. Kitu kikiwa kizima kila mahali, kikaugua mahali pamoja tu, ugonjwa si wa kitu. Ni wa mahali. Hata pale kituoni, mbegu ikiota shamba hili na ikafa shamba lile, walikuwa hawaikamati mbegu. Walikuwa wanachimba udongo.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo ni hicho chumba. — Hoja ikawa imefika mwisho wa miguu yake. — Kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake kuna mtu anakuvalia nguo mbaya anakuja kukaa humo dukani.

— Anakaa saa ngapi, Profesa? Humo tupo mimi na Hanifa.

— Ndiyo hatari yenyewe! Hamumwoni.

Faraji alikizungusha kikombe. Kahawa ilikuwa imeshapoa. Kulikuwa na jambo hakuwa amewaambia, kwa sababu kulisema ilikuwa ni kulipa nafasi ya kukaa.

— Mashine ningeivumilia, — alisema taratibu. — Ni kichwa cha Hanifa. Mashine ikianza kuzimazima, na yeye kichwa kinaanza. Anashika hapa, kwenye paji. Anasema anaona kizunguzungu, miguu haina nguvu. Juzi katapika. Wikiendi iliyopita kaenda Iringa kwa dada yake Ruwaida, siku mbili nzima anacheka, anakula, hana hata mafua. Jumatatu kakaa kwenye meza yake, kabla ya adhuhuri kichwa kikamrudia.

— Ugwe, wewe! — Tunduma alishusha sauti. — Hilo ndiyo lenyewe. Kabla yenu, hicho chumba alipanga nani?

— Sikumbuki.

— Mimi nakumbuka. Jamaa wa Makongolosi, mnunuzi wa dhahabu. Alihama alfajiri, hakuaga mtu. Akaacha nini?

Faraji akaweka kikombe chini.

— Meza.

— Meza! Na mashine yako umeiweka juu ya nini?

Kila mtu pale alijua kwamba Faraji aliiweka juu ya meza ileile, tena alijisifia kuipata bure.

— Watu wa dhahabu wale wana vitu vyao, — Tunduma aliendelea, na sasa hata yeye alikuwa ameanza kujiogopesha. — Kinaanza na kitu. Redio, saa, mashine. Kinazoea kukizima na kukiwasha. Kikishazoea, kinahamia kwa mtu.

— Fred, acha, — Matano alisema.

— Nasema ninachokijua. Tunduma kulikuwa na mama mmoja, kwake ilianza friji.

— Lakini Ijumaa haikuzima, — Faraji alisema haraka, kama mtu anayetafuta mahali pa kushika. — Ijumaa yote. Na kichwa hakikumuuma.

— Ijumaa, — Matano alinong'ona. Babu yake alitoka Bagamoyo na birika hilohilo, na mambo ya namna hii benchi lilimwachia yeye. — Ijumaa hata hao wenzetu wasioonekana wana ibada.

— Ijumaa ilikuwa na jua bwana. Tulishinda mlango wazi, hata jiko la kuota hatukuwasha.

Maneno hayo yalipita katikati yao yakaenda zake barabarani. Lori la vitunguu lilikuwa linapiga honi, na Tunduma alikuwa anahesabu kwa vidole watu waliowahi kufa karibu na meza za kurithi.

— Na leo? — Profesa aliuliza. — Umefanya kama tulivyokubaliana jana?

— Nimefanya yote.

Akaeleza. Aliamka mapema. Dirisha la duka aliliziba kwa gunia, kwa sababu Profesa alisema kinachotolewa kisiachiwe tundu la kurudia. Chini ya mlango alisokota blanketi kuukuu. Udi aliopewa na Matano aliutia kwenye jiko la mkaa, akalisukuma chini ya meza, pale linapokaa kila siku tangu baridi ianze, katikati ya miguu ya Hanifa na boksi la mashine, ili moshi upande kwenye meza moja kwa moja. Na Tunduma alisema mtu asivuke kizingiti mpaka kazi iliyopo mezani iishe.

— Ana kazi gani?

— Kadi za harusi, mia mbili. Kuna mzee wa Usangu anaozesha binti, Kulwa. Anakuja kuzichukua leo. Hanifa mwenyewe kaniambia nifunge kufuli kwa nje, wateja wadhani hatupo, wasimsumbue. Nimefunga saa mbili.

— Safi, — Tunduma alisema. — Sasa tusubiri. Mvumilivu hula mbovu.

— Mbivu.

— Chochote atakachokuta.

Matano aliinua birika alipime uzito. Ilikuwa imeshatimia saa nne na nusu. Faraji alitaka kwenda kuangalia, akakumbuka kizingiti, akabaki. Alijiambia kwamba mkewe yuko salama, kwamba leo kila tundu limezibwa.

Ndipo akaja mzee mmoja mrefu, ana fimbo ya kuchungia, amejifunga shuka la mistari juu ya koti. Alikuwa anatetemeka. Alisimama mbele ya benchi, akawaamkia wote, na alipokaa akakaa juu ya msumari bila kusema neno.

— Karibu mzee, kahawa.

— Asante, wabeja. Nyinyi mnaishije hapa na baridi hii? Kwetu Usangu saa hizi ng'ombe wamekimbilia kivulini. — Alipokea kikombe kwa mikono miwili. — Mimi naitwa Bujiku. Natafuta mama wa steshenari, ana kadi za binti yangu.

Faraji akanyanyuka nusu.

— Ni mke wangu, mzee. Zitakuwa tayari. Ukienda sasa hivi utakuta kufuli, lakini yupo, anafanya kazi.

— Hiyo kufuli nimeikuta. Nimebisha hodi, nimebisha sana. Kimya.

— Ndivyo tulivyokubaliana, asiitike.

— Haya. — Mzee akanywa kidogo. — Ila ndani kuna kitu kinalia, tii, tii, tii. Na pale penye kufuli nimenusa mkaa. Kwani humo mnapika?

— Hapana. Ni jiko la kuota. Baridi, mzee.

— Jiko la mkaa, ndani?

— Ndani.

— Na dirisha liko wazi?

— Tumeliziba, — Profesa alijibu kwa fahari kidogo. — Na mlango chini tumeuziba.

Bujiku aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa anawadharau. Alikuwa anasubiri wamalizie, kama vile kuna kipande cha habari wamesahau kumpa.

— Sasa huyo mama, — aliuliza, — anavuta hewa gani?

Faraji alikuwa ameshaanza kukimbia.

Milango minne si mbali, lakini siku hiyo haikuisha. Ufunguo ukagoma kuingia, ukaanguka, akauokota pamoja na mchanga. Aliposukuma mlango blanketi lilizuia, na ilibidi Bujiku aweke bega. Joto liliwatokea usoni, joto zito lenye harufu ya udi. Hanifa alikuwa amelaza shavu juu ya kibodi. Mashine ilikuwa imezima na kujiwasha, kioo kinauliza paswedi, na kwa kuwa shavu lake lilikuwa limekandamiza kitufe, ndani ya kile kisanduku vidoti vilikuwa vinajiandika mstari mmoja usiokwisha, tii, tii, tii.

— Hanifa! Hanifa mama!

Walimbeba mpaka nje, wakamlaza juu ya shuka la mzee, kwenye baridi ileile waliyokuwa wanaikimbia. Uso wake ulikuwa mwekundu kama wa mtu mwenye afya, na hilo lilimtisha Faraji kuliko kama angekuwa amepauka. Tunduma, ambaye maishani hakuwahi kufanya jambo bila kulihadithia kwanza, alisimama katikati ya barabara akazuia bajaji kwa mikono miwili. Bujiku alirudi ndani, akatoka na jiko amelishika kwa kitambaa, akalimwaga mtaroni. Kisha akaingia tena, akaweka kiganja kwenye boksi la mashine, akakiondoa upesi.

— Hiki nacho kinaungua, — alisema. — Mlikuwa mnakioka?

Hanifa akakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, kibaya, na Faraji alilia kwa sauti mbele ya soko zima bila kuona haya.

Hospitali walimwekea hewa puani. Daktari alisema angechelewa nusu saa, basi, na hakumalizia. Saa kumi alasiri simu ya Faraji iliita. Alikuwa Profesa. Alisema yuko dukani tangu asubuhi, amefungua mlango na dirisha, amekaa mbele ya mashine juu ya ndoo, hajathubutu hata kwenda kujisaidia.

— Faraji, — alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mzee. — Haijazima. Hata mara moja, Faraji.

Faraji akakata simu bila kuaga.

Jua lilipokuwa linashuka Hanifa akafumbua macho. Aliangalia dari, akaangalia mrija, akamwangalia mumewe muda mrefu kama anayetafuta jina lake.

— Nilikuita, — alisema. — Nimekuita sana, nikaja mpaka mlangoni, nikarudi kukaa. Ulikuwa wapi?

Faraji alikuwa milango minne kutoka pale, anakunywa kahawa. Alitaka kumwambia. Mkono wake ulikuwa mfukoni, na ufunguo ulikuwa humo bado, una mchanga.