Shahidi wa Khelef

MABRUKA: Haloo! Nani mwenzangu?

KHELEF: Mimi, dada. Khelef. Shikamoo.

MABRUKA: Marahaba. Sema kwa nguvu, laini inakwaruza. Uko Nizwa?

KHELEF: Niko Firq, nje kidogo ya mji, gereji kwa Humoud. Kaniazima simu. Hamjambo huko Sur?

MABRUKA: Hatujambo, alhamdulillahi. Mbona saa za kazi?

KHELEF: Sikwenda kazini. Nilikuwa mahkama.

MABRUKA: Ehe.

KHELEF: Shukriya kanishtaki. Yeye na kaka yake, yule Marhun. Mke wangu, dada! Kanisimamisha mbele ya kadhi kama mwizi—

MABRUKA: Mkono wake vipi?

KHELEF: Nini? Sikusikii.

MABRUKA: Mkono! Mkono wake vipi?

KHELEF: Bado una plasta, mfupa haujaunga. Sasa sikiliza. Kadhi kaniuliza, nikamwambia aliteleza kwenye ngazi za darini, alipanda kuanika nguo, ngazi zimerowa. Akasema, nani alikuwapo? Nikasema dada yangu, alikuja kututembelea. Basi kesho anakutaka wewe.

MABRUKA: Umenitaja mimi?

KHELEF: Ningemtaja nani?

MABRUKA: Bila ya kuniuliza.

KHELEF: Si nakuuliza sasa! Neno moja tu, dada. Aliteleza. Khalas, kesi imekwisha, mke wangu anarudi nyumbani.

MABRUKA: Mimi nilikuwa jikoni.

KHELEF: Ndo vizuri! Ulisikia kishindo, ukatoka, ukamkuta chini ya ngazi—

MABRUKA: Nilimkuta chumbani, Khelef. Baina ya kitanda na kabati.

KHELEF: Dada—

MABRUKA: Na kabla ya kishindo nilisikia—

KHELEF: Polepole! Humoud yuko hapo mlangoni.

MABRUKA: Na asikie.

KHELEF: Alinijibu mbele yako, umesahau? Nilipandwa na hasira. Mwanamke ananijibu mbele ya dada yangu!

MABRUKA: Alisema chai haina sukari kwa sababu hukuleta sukari. Ndo jibu gani hilo?

KHELEF: [anakohoa]

MABRUKA: Wajua mimi nilifanya nini, wakati analia?

KHELEF: Hukufanya kitu.

MABRUKA: Niliufunga mlango wa jikoni. Taratibu, usije ukagonga. Nikakaa nikichambua mchele. Mtoto wa watu ananiita, "Wifi! Wifi!" Na mimi nachambua mchele. Upo?

KHELEF: Nipo.

MABRUKA: Mama naye akiteleza sana. Nyumba yetu ya Malindi haikuwa na ngazi mbovu hata moja, na mama haishi kuteleza. Tukiambiwa tukawaambie hivyo majirani. Wewe mdogo, umelala mapajani mwangu, nimekuziba masikio.

KHELEF: Usimtie marehemu baba katika—

MABRUKA: Sijamtaja baba. Umemtaja wewe.

KHELEF: [laini inakwaruza] ...watanifunga. Haloo? Nasema watanifunga! Na kazi ya serikali ndo imekwenda.

MABRUKA: Huenda.

KHELEF: Huenda? Mimi damu yako!

MABRUKA: Marhun alinipigia jana. Nimemwambia nitakuja.

KHELEF: Kumsimamia nani?

MABRUKA: Kusema nilichosikia. Na mlango niliofunga.

KHELEF: Ya Rabbi. Hilo la mlango usiliseme, dada, watakucheka—

MABRUKA: Nitalisema.

KHELEF: Leo pale mahkama leso ilimvuka kichwani. Akajaribu kuifunga kwa mkono mmoja, hawezi. Mimi niko karibu. Nikanyanyua mkono nimsaidie.

MABRUKA: Ehe.

KHELEF: Akajikinga. Kainua ile plasta akaziba uso. Mbele ya kadhi, mbele ya watu wote. Wallahi sikuwa na nia mbaya, leso tu, nilitaka kumfungia leso...

MABRUKA: Kadhi aliona?

KHELEF: Kila mtu aliona. Hata mimi niliona.

MABRUKA: Basi n'ambie. Aliteleza?

KHELEF: Dada, simu ya watu hii—

MABRUKA: Khelef!

KHELEF: Hakuteleza.

MABRUKA: Ehe.

KHELEF: Niliupinda mkono wake. Nikausikia ukivunjika. Nikausikia, dada, na sikuuwacha.

MABRUKA: [anapenga kamasi] La haula.

KHELEF: Unalia?

MABRUKA: Maneno hayo ukayaseme kesho. Kabla mimi sijafungua mdomo.

KHELEF: Nikiyasema hatorudi kwangu.

MABRUKA: Ushamwona akijikinga. Unadhani huyo ni wa kurudi?

KHELEF: Humoud ananiashiria. Anataka simu yake.

MABRUKA: Utayasema?

KHELEF: Dada, ukifika usije kwangu. Kaa na Shukriya. Kaa karibu naye, nikuone vizuri.

MABRUKA: Nitakaa naye. Utayasema?

KHELEF: Naam, Humoud, namaliza, namaliza! Nitayasema, dada. Nikikuona pale sitoweza kumwambia kadhi habari ya ngazi.

MABRUKA: Haya. Natoka na gari ya alfajiri. Khelef, umekula?

KHELEF: Nani, mimi? Sijala. Tangu jana.

MABRUKA: Kale kitu, mdogo wangu. Usiende kusimama pale na tumbo tupu. Kale, sawa? Haloo? [laini inakwaruza] Khelef? Haloo?